Hatari! Ngoma ya Ndovu wa Hollywood na Sanduku la Guka

Wasee, kuna ngoma nyinyi nyote mnaijua na hamjui kama mnaijua. Ni ile besi inatembea pole pole huko chini kama mtu mnene anapanda ngazi, halafu juu yake kuna kasauti ka firimbi ka kuchekesha. Mtoto akijikwaa kwa video, hiyo ngoma inawekwa. Mbwa akikimbia na kiatu cha mwenyewe, inawekwa. Mimi nimeitumia mara tatu, na ya mwisho ilikuwa ile video ya mbuzi aliyekataa kushuka mathree pale Jogoo Road. Ile iliwafurahisha wengi.

Sikuwahi kuuliza ngoma yenyewe imetoka wapi. Kwa akili yangu ilikuwa imezaliwa ndani ya simu.

Halafu siku moja nikaamka nikapata video ya mbuzi imezimwa sauti. Sababu waliyoniandikia ilikuwa fupi: huu muziki una mwenyewe. Nikakasirika kidogo, nikafungua maelezo nijue huyo mwenyewe ni nani. Jina la ngoma: "Baby Elephant Walk". Mtunzi: Henry Mancini. Imetoka kwa filamu ya 1962. Jina la filamu: Hatari!

Nikasoma mara mbili. Hatari. Neno letu kabisa, na alama ya mshangao juu.

Sasa, mimi si mwanahistoria. Niliacha chuo mwaka wa pili na mnajua hiyo stori, sitairudia hapa. Lakini usiku huo nilichoma bando yote ya wiki, na tangu siku hiyo hii kitu haijaniachilia. Kwa hivyo leo hakuna mbuzi. Leo ni stori ya muziki, na mwisho wake kuna kitu nilifanya ambacho sijawahi kuambia mtu nje ya familia.

Tuanze na sinema. Hatari! ilipigwa Tanganyika. Waliingia mwisho wa 1960, wakaweka kambi Momella, chini ya Mlima Meru karibu na Arusha. Mwongozaji ni Howard Hawks, mzee mmoja mkubwa wa Hollywood. Nyota ni John Wayne, yule wa kofia na bastola, akiwa na Mwitaliano Elsa Martinelli na Mjerumani Hardy Krüger. Stori yenyewe ni nyepesi: kikundi cha wazungu wanashika wanyama ili wauziwe mazuu ya ng'ambo. Wanakimbiza faru na gari, msee ameketi kwa kiti kilichofungwa mbele ya bodi ya gari akiwa na kamba na mti mrefu. Na hizo mbio ni za ukweli. Waigizaji wenyewe ndio walikuwa kwenye magari, na faru anagonga gari kweli kweli. Filamu ni zaidi ya saa mbili na nusu, na ukitoa wanyama hakuna haraka ya kufika popote. Krüger alipapenda Momella akanunua shamba huko, na hadi leo kuna hoteli pale inaitwa Hatari Lodge.

Angalia tarehe. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hivyo kamera zilipokuwa zinazunguka, bendera ilikuwa ya Mwingereza, na sinema ilipofika kumbi katikati ya 1962 Tanganyika ilikuwa nchi huru. Ndani ya sinema huwezi kujua. Hakuna anayezungumzia siasa. Waafrika wako, wanabeba, wanafungua milango ya vizimba, wanaambiwa maneno mawili matatu ya Kiswahili. Martinelli analea vitoto vitatu vya ndovu, na wenyeji wanampa jina la heshima: Mama Tembo. Walitaka kusema mama wa ndovu. Lakini mtu wa Eastlands akiskia Mama Tembo anajua moja kwa moja huyo ni mama anayepima pombe nyuma ya nyumba, na chief anamjua. Nilicheka pekee yangu saa nane usiku.

Sasa muziki. Hapa ndipo nilikaa chini.

Henry Mancini alizaliwa Cleveland, Marekani, 1924. Baada ya vita vya pili alikuwa mpiga piano na mpangaji muziki kwa ile okestra iliyoachwa na Glenn Miller, yaani alilelewa na jazi ya bendi kubwa: safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksafoni, na nyuma yao ngoma na besi. Sinema za Hollywood wakati huo zilikuwa za vinanda vingi vya kulia, unajua ile ya kumwagia kila kitu machozi. Mancini akaingiza jazi. 1958 akafanya muziki wa "Peter Gunn", ile besi ya upelelezi ambayo pia unaijua na hujui kama unaijua. 1963 akafanya "The Pink Panther". Katikati hapo ndipo iko Hatari!

Mancini mwenyewe aliandika kwenye kitabu cha maisha yake kwamba Hawks alirudi kutoka huku na vyombo: vibuyu vya kutikisa, kalimba, maganda marefu ya mti yenye mbegu ndani, na pia tepu ya nyimbo za Kimaasai. Mancini akaviweka mezani, akaviskiza, akavichanganya na piano ya zamani iliyolegezwa nyuzi na bendi yake kubwa. Huo ndio wimbo wa kwanza wa filamu, "Sounds of Hatari".

Na ile ngoma ya ndovu? Hawks alikuwa na kipande cha filamu ambapo Martinelli anapeleka vitoto vya ndovu kuoga. Kilipigwa tu, hakikuwa kwa stori, na Hawks hakujua akifanyie nini. Alikuwa karibu kukitupa. Akamwonyesha Mancini. Mancini akaangalia vile vitoto vinatembea, akaskia bugi-wugi, ule mtindo wa piano wa Wamarekani weusi ambao mkono wa kushoto haupumziki. Akaandika ngoma ya bluzi ya kawaida kabisa, baa 12 zinazojirudia, akampa wimbo mtu wa klarineti ndogo na kinanda cha sarakasi, kile cha kupiga filimbi za mvuke. Imeisha. 1963 hiyo ngoma ikashinda Grammy ya mpangilio wa muziki. Kipande kilichokuwa kinaenda kwa takataka ndicho dunia inakumbuka. Wengi wanaojua ngoma hawajui hata kulikuwa na filamu.

Nitakuambia vile niliskiza. Kuna nakala zimesafishwa upya, na nikaazima hedifoni za ndugu yangu anayefanya kazi ya simu huko, zile nzuri. Kusafisha upya maana yake ni hii: unarudi kwa tepu ya kwanza kabisa, ile mama, ile iliyokuwa ndani ya studio siku bendi inapiga. Unaitoa stoo, unaipitisha kwa mashine nzuri, unaiingiza kwa kompyuta. Unapunguza ule mvumo wa tepu, unarekebisha mahali sauti imezama, unaacha mengine. Huongezi chombo ambacho hakikuwepo. Kama tepu mama haiko, huna cha kusafisha. Utachukua santuri iliyochakaa na utafute namna, lakini hiyo ni kama kupiga picha ya picha.

Na hawa jamaa wana tepu mbili. Hii ilinishangaza. Siku hizo Mancini akimaliza muziki wa filamu, alikuwa anarudi studio na kurekodi upya ngoma zile tamu kwa ajili ya santuri ya kuuza. Santuri ya Hatari! iliyotoka RCA 1962 ndiyo hiyo ya kurekodiwa upya. Muziki wenyewe wa filamu, ule wa kukimbiza faru, ulibaki stoo ya Paramount hadi miaka ya 2010, lebo moja ya Marekani inayoitwa Intrada ikautoa. Nusu karne umekaa kwa boksi, na bado mtu alijua boksi liko wapi.

Kwa hivyo niko kitandani, Makongeni, saa tisa usiku, stima iko, na inakuja ngoma inaitwa "Big Band Bwana". Jina ni hilo, sijatunga. Tarumbeta zinaingia kama mbogi inashuka mathree pamoja. Sauti ni safi hadi unaskia nafasi kati ya chombo na chombo, unaskia chumba. Na nikajikuta nafikiria kitu kimoja: huyu bwana wa bendi kubwa alikuwa Hollywood. Mabwana wetu wa bendi walikuwa wapi mwaka huo?

Walikuwa hapa. Wengine walikuwa hatua mia chache kutoka kwa kitanda changu.

Nairobi ya 1960 ilikuwa imetoka kwa hatari nyingine. Wazee wetu wakisema Hatari, mara nyingi wanamaanisha Hali ya Hatari, ile Mwingereza alitangaza 1952 kwa ajili ya Mau Mau. Aprili 1954 walizingira hii Nairobi kwa Operesheni Anvil, wakapita nyumba kwa nyumba, maelfu wakapakiwa malori kwenda kambi. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Hawks alifika Arusha mwaka huo huo. Nilipomwambia shosho kuna sinema inaitwa Hatari, akaniangalia tu. Akasema, "Hatari tulimaliza 1960. Hao wazungu walikuwa wanaitafuta tena ya nini?" Baadaye akakumbuka. Guka alimpeleka kuiona mjini, hata kabla hawajaoana. Anachokumbuka ni faru, na ukumbi mzima kucheka kila wakati mzungu anajaribu Kiswahili.

Hatari ilipoisha, watu walitaka kucheza. Guka aliingia Nairobi wakati huo akapata kazi Reli, na nyumba za Reli zilikuwa hapa Makongeni. Kaloleni ni jirani. Kaloleni social hall wazee wanaiita Bunge, kwa sababu wanasiasa wa uhuru walikuwa wanakutana pale. Lakini muulize shosho kuhusu hilo jumba, siasa hatakuambia. Atakuambia dansi. Mwanaume amevaa suti na viatu vimeng'aa, bendi iko mbele, na usipojua kucheza unakaa ukutani.

Na bendi nyingi zilijiita Jazz. Hapa ndipo watu wa siku hizi wanachanganyikiwa. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932. Morogoro Jazz ilianza 1944. Kulikuwa na Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na baadaye huku Kenya tukawa na Shirati Jazz ya D. O. Misiani iliyotupa benga. Ukiskiza ukitafuta Duke Ellington, utaona kama umedanganywa, kwa sababu kuna rumba ndani, kuna gitaa, kuna ngoma za nyumbani. Lakini wale wasee walijua wanafanya nini. Jazz ilikuwa jina la kusema sisi ni wa kisasa, tuna vyombo, tuna sare, tunasoma muziki kama tunataka, hatungoji ruhusa. Santuri za Kuba zilikuwa zimeingia Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Vita vya pili vikaleta nyingine: Mwingereza aliunda kikosi cha burudani ndani ya KAR, na vijana wetu wakaenda hadi Asia kupigia askari muziki. Fundi Konde, mtu wa pwani, alikuwa mmoja wao. Aliporudi akawa kati ya wa kwanza Kenya kushika gitaa la umeme, na sauti yake ni ya kutulia hadi unadhani anakuimbia wewe pekee yako.

Kwa hivyo angalia huu mpangilio. Mancini wakati wa vita yuko kwa jeshi la Marekani, baadaye okestra ya Glenn Miller. Fundi Konde yuko kwa jeshi la Mwingereza, baadaye studio za Nairobi. Wote wametoka kwa vita ile ile na jazi mkononi. Sisemi wako sawa kwa kila kitu. Nasema stori zao zinaanza mahali pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nairobi ilikuwa na Equator Sound Studios ya Charles Worrod. Ndani ya hiyo nyumba walipita Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na kutoka Zambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kabaka aliimba "Helule Helule", na 1968 bendi ya Uingereza inayoitwa The Tremeloes wakaipiga na ikaingia kwa chati zao. Na si studio tu. Santuri zilikuwa zinachapwa hapa hapa Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda, kwa hivyo bendi za Dar zilikuwa zinaletwa hapa kugeuzwa santuri. Huu mji ndio ulikuwa unapika muziki wa mkoa mzima. Wewe unapita River Road na fikira zako ziko kwa simu ya kutengenezwa, hujui umekanyaga nini.

Sasa nitoe ile kitu.

Guka alikufa 2019. Mimi nilikuwa na miaka 16. Baada ya mazishi, watu wazima waliamua kupunguza vitu kwa nyumba, na mimi ndiye nilikuwa na mgongo wa kubeba. Kulikuwa na ile redio kubwa ya mbao yenye mahali pa kuweka santuri juu. Mtu wa vyuma akaja akatoa mia tatu, akaichukua kwa sababu ya shaba iliyo ndani. Halafu kulikuwa na sanduku la bati, la Reli, limejaa santuri. Mtu wa vyuma akalifungua, akasema sanduku atachukua, hizo plastiki hapana.

Nilizimwaga kwa gunia. Zingine kubwa, nyingi ndogo. Nakumbuka nilirusha mbili tatu uwanjani na watoto wa jirani, zinapaa vizuri sana. Zilizobaki nikazibeba kwa bega hadi kwa lori la taka, na lori hilo linaenda Dandora. Sikusoma hata karatasi moja ya katikati. Hakuna aliyeniambia niache na hakuna aliyeniambia nifanye. Niliona takataka. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na mechi.

Guka alikuwa amezibeba kwa miaka hamsini na kitu. Kuhama, kustaafu, watoto sita ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na hazikuvunjika. Mimi nilimaliza hiyo kazi kwa dakika ishirini.

Kwa hivyo nikiskiza "Big Band Bwana" imesafishwa hadi inang'aa, sitaweza kukuandikia ile posti rahisi ya kwamba mzungu alituibia. Najua ingependwa. Kuna ukweli ndani yake pia: tepu ya Kimaasai ilitoka hapa ikaenda huko, kama tu wale wanyama wa kwenye filamu, na jina la Mancini nimeliona, la Hawks nimeliona, la John Wayne nimeliona, la mwimbaji wa Kimaasai hata mmoja sijaliona popote. Na kuna "Malaika". Fadhili William ndiye alirekodi ile tunayoijua, na hadi leo watu wanabishana nani aliitunga, kuna wanaosema ni Mtanzania Adam Salim. 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaiweka kwa albamu yao, na albamu ikashinda Grammy. Ulimwengu mzima ukaimba. Mabishano ya nani alistahili pesa hayajawahi kuisha.

Lakini muziki wa Hatari! haukubaki kwa sababu ni bora kuliko wa Equator. Mimi nimeskiza zote mwezi huu na naweza kukaa na mtu yeyote tubishane. Ulibaki kwa sababu kulikuwa na kampuni, kampuni ina stoo, stoo ina rafu yenye namba, na mtu analipwa kujua namba. Kulikuwa na mkataba unaosema kila ngoma ikichezwa kuna mtu anapata senti. Ndiyo maana hata mbuzi wangu wa Jogoo Road alizimwa sauti, miaka sitini na kitu baadaye. Mtu bado anachunga. Nilikasirika nao ile asubuhi. Sasa nawaonea wivu.

Na mambo ya kwetu yakihifadhiwa, angalia nani anahifadhi. Fundi Konde: lebo ya Uingereza, RetroAfric, ilikusanya nyimbo zake za 1947 hadi 1956 ikatoa CD miaka ya 1990. Bendi za Kenya za miaka ya 70 na 80: lebo nyingine ya Uingereza, Soundway, ikatoa Kenya Special 2013 na ya pili 2016. Nawashukuru, bila wao mimi nisingeskia nusu ya hizi vitu. Lakini fikiria kijana wa Makongeni analipa bando kuskiza mtaa wake kutoka London.

Najua utaniuliza: na serikali? Na wenye studio? Sawa, waulizwe, na mimi nitakuwa kwa foleni ya kuuliza. Lakini gunia lile halikubebwa na serikali. Studio nyingi zilifungwa, tepu zikapotea au zikarekodiwa juu, kwa hivyo kwa ngoma nyingi kilichobaki ni santuri zenyewe, na santuri zenyewe ziko chini ya vitanda vya wazee wetu. Hapa Eastlands. Jericho, Bahati, Shauri Moyo, Mbotela, Maringo, Ofafa. Kila mwaka mzee mmoja anazikwa, halafu kijana mmoja mwenye mgongo anaambiwa apunguze vitu. Huyo kijana ni wewe. Nakuandikia kabla hujafika hapo.

Ukifika, fanya hivi. Usikubali haraka ya watu wazima. Toa santuri moja moja, piga picha karatasi ya katikati pande zote mbili, jina, bendi, namba. Zisimamishe kama vitabu, ukizilaza moja juu ya nyingine zinapinda. Ziondoe kwa jua na karibu na jiko. Usizisugue na sabuni ya nguo. Kuna wauzaji wa santuri Kenyatta Market na kuna duka la Melodica pale Tom Mboya Street, hao wanajua wanachokishika kuliko mimi na wewe. Unaweza hata kuuza, si dhambi, mradi iende kwa mtu atakayeicheza. Na kama bado kuna mzee hai kwa hiyo nyumba, weka simu mezani irekodi, halafu muulize alicheza wapi na nani. Usimkatize.

Mimi nilichelewa kwa guka, nikaenda kwa shosho. Nilimwambia ukweli kuhusu gunia. Nilidhani anajua, kumbe alidhani mjomba alizipeleka shamba. Alinyamaza kitambo. Halafu akaniambia nimletee kale kabakuli kake ka vifungo.

Hako kabakuli nimekaona tangu nizaliwe. Keusi, kamejikunja pembeni kama maua, kanakaa juu ya kabati la televisheni na ndani kuna vifungo, sindano na sarafu za zamani. Kwa wale hawajui, kina mama wa zamani walikuwa wanatumbukiza santuri kwa maji moto, inalainika, wanaikunja inakuwa bakuli la mapambo. Shosho akamwaga vifungo kwa leso yake akanigeuzia chini. Katikati kuna karatasi, imechakaa, rangi imekwenda. Nilisoma neno moja tu: Equator.

Nikamuuliza ilikuwa wimbo gani. Akasema ilikuwa na mkwaruzo, ilikuwa inarudia mahali pamoja, ndiyo guka akampa aifanyie anachotaka. Jina amesahau. Lakini pale ilipokuwa inarudia anapakumbuka, na akaniimbia, maneno manne hivi, tena na tena, akipiga vidole kwa meza, hadi tukacheka wote wawili.

Nimerekodi. Sekunde 41. Nyuma kuna mathree inapiga honi na jirani anaita mtoto. Sijui kama nitawahi kupata hiyo ngoma nzima. Kesho naenda Kenyatta Market na simu yangu, nitaanza kibanda cha kwanza, nitawaimbia.